Nasimiyu wa Basi la Ijumaa

Kabla ya kukabidhiwa basi, Nasimiyu alikuwa dereva wa nyumbani. Familia ya Kiqatari iliyomleta Doha ilikuwa na mabinti wa shule na bibi mzee aliyependa kuzungushwa kando ya bahari bila kushuka garini. Huko ndiko alikozoea kuendesha gari kubwa kimya kimya, na huko akaokota Kiarabu kinachomtosha dereva: kulia, kushoto, subiri, khalas, yaani basi, imetosha. Mkataba ulipoisha aliajiriwa na kampuni ya usafiri yenye yadi Industrial Area. Wakampa basi dogo jeupe, kazi yake kubeba wanawake wanaosafisha ofisi za West Bay.

Kwao ni Kimilili, magharibi mwa Kenya. Mama yake alipika busaa, na Nasimiyu hakuwahi kulificha hilo. "Mimi nimesomeshwa na pombe," alikuwa akisema, na wanawake wa kanisani wakatazamana. Yeye mwenyewe hakunywa. Hakumhubiria mtu pia, na pengine ndiyo maana alipokuja kusema kitu watu walimsikiliza.

Kilichomfanya aseme ni ajali ya Omondi. Omondi alikuwa fundi wa kompyuta na golikipa wa timu ya Wakenya, mtu wa kupendwa na kila mtu. Ijumaa moja, siku ya mapumziko Qatar, alikwenda na wenzake kwenye chakula cha mchana katika hoteli ya West Bay, kile ambacho watu hulipa mara moja wakala na kunywa mpaka alasiri. Alipotoka akawasha gari. Kando yake alikaa Chelsea, nesi wa wodi ya watoto, aliyeomba kushushwa tu njiani. Jua lilikuwa bado linawaka na barabara ilikuwa nyeupe, haina hata lori. Gari lilipanda ukingo wa barabara likagonga nguzo ya taa.

Omondi alitoka na mikwaruzo. Chelsea aliumia uti wa mgongo, akarudishwa Eldoret kwa machela, na hajatembea tena. Omondi alifungwa, na alipomaliza kifungo akapandishwa ndege kurudi kwao. Hakuna aliyemsindikiza.

Wakenya wanaosali kwenye makanisa ya Abu Hamour walikutana ukumbini baada ya ibada ya Ijumaa. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa Joram, mhandisi, mtu mrefu wa sauti ya taratibu, aliyekuwa Doha miaka mingi kuliko wengi wao. Alikuwa na mpango tayari: aje daktari azungumze na vijana, wachapishe fulana, waanze kikundi cha WhatsApp cha kukumbushana.

Nasimiyu alisimama nyuma.

"Engineer, naomba kuuliza. Kuna mtu hapa hakujua kuendesha gari umelewa ni jela?"

Watu waligeuka kumtazama, naye akaendelea.

"Omondi alijua. Na fulana angevaa."

"Sasa unataka tufanyeje, dada?" Joram aliuliza. "Tuwakataze watu wazima kunywa?"

"Wacha wanywe. Magari yabaki hapa kanisani. Mimi nitawapeleka na nitawarudisha."

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha. Joram hakucheka. Ndiye aliyekwenda kwa meneja wa kampuni yake Nasimiyu wiki hiyo hiyo, akaongea naye mpaka akakubali basi likodishwe kila Ijumaa. Hilo lazima lisemwe: bila Joram basi la Ijumaa lisingekuwepo. Kuacha magari kanisani ikawa kanuni ya kwanza ya jumuiya, na ni yeye tena aliyesimama baadaye kusoma ya pili, baada ya Jennifer, mwalimu, kueleza kwamba vijana wa sekondari wanamalizia vinywaji vilivyoachwa mezani kwenye sherehe za nyumbani. Kanuni ilisema kwamba palipo na watoto, pombe ikae mahali pamoja, na mtu mzima asiyekunywa asimame hapo muda wote. Joram aliisoma polepole kama anavyosoma Biblia.

Basi likaanza kazi. Mwanzoni lilibeba watu wachache waliokuwa wakiona aibu, baadaye likajaa. Nasimiyu aliweka mifuko ya plastiki nyuma ya kila kiti na peremende kwenye kopo karibu na gia. Walioimba aliwaacha waimbe. Aliyelia alimwacha alie. Kitu kimoja tu hakukubali: mtu kushushwa kanisani achukue gari lake. Walevi alikuwa akiwafikisha mlangoni kwao, na funguo zao zilikaa kwake mpaka Jumamosi.

"Wewe ni mama wa kambo," Tony, mlinzi wa hoteli, alimwambia siku moja akishuka.

"Lala salama, Tony."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda mpaka Joram alipotimiza miaka hamsini.

Sherehe ilifanyika nyumbani kwake, kwenye vila moja ndani ya kompaundi. Ulikuwa mwezi wa Februari, hewa ya kupendeza, watu wamekaa uani na moshi wa nyama choma umetanda juu ya ukuta. Joram alikuwa na kibali cha kununua pombe, kama sheria inavyotaka, na alikuwa amenunua ya kutosha. Meza ya vinywaji iliwekwa gereji. Mwanzoni alisimama hapo shemeji yake. Muziki ulipopanda shemeji akaenda kucheza, na Joram akasema si neno, hapa ni kwake, yeye mwenyewe anaangalia. Wakati huo alikuwa na bilauri mkononi.

Nasimiyu aliegesha basi nje ya geti, akala sahani yake, akakaa na wanawake. Baadaye aliingia ndani kutafuta choo. Kwenye kikorido cha kufulia nguo alimkuta kijana anaitwa Bradley amekaa sakafuni, mgongo ukutani, analia. Mbele yake alilala Wayne, mtoto wa Joram, mwenye miaka kumi na sita. Alikuwa chali. Matapishi yalikuwa shingoni.

"Amekunywa nini?"

"Ile ya rangi ya dhahabu, auntie. Tulikuwa tunashindana. Mimi niliacha."

Nasimiyu alipiga magoti akamgeuza Wayne kwa ubavu. Ngozi ilikuwa baridi. Alimwita, akamfinya sikio, hakuitika. Wayne alivuta pumzi, halafu ukapita muda mrefu kabla ya kuvuta nyingine. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Akapiga 999. Aliyepokea alizungumza Kiingereza, akauliza mahali, umri, kama anapumua. Akamwambia amwache alivyolala kwa ubavu, asimsogeze, asimpe maji, ambulensi iko njiani. Nasimiyu akamtuma Bradley akamwite Phoebe, mama yake Wayne.

Phoebe alikuja mbio, na nyuma yake Joram, funguo za gari tayari mkononi. Alimtazama mwanawe, kisha akaiona simu.

"Umempigia nani?"

"Ambulensi."

"Kata."

"Engineer, wanakuja."

"Wewe hujui!" Ile sauti yake ya taratibu ilikuwa imepotea. "Hospitali watauliza nani alimpa. Mtoto, pombe, nyumbani kwangu. Unajua maana yake hapa? Nina daktari rafiki yangu, ni dakika kumi tu. Atamtundikia dripu, kwisha."

"Umekunywa. Na wamesema asisogezwe."

"Ni mtoto wangu."

Alimwinua Wayne mikononi. Alikuwa na nguvu, lakini aliyumba, na kichwa cha kijana kikagonga fremu ya mlango. Phoebe alipiga kelele. Alimfuata mumewe mpaka garini, akaingia kiti cha nyuma na kukipakata kichwa cha mwanawe, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Nasimiyu alikimbia kupita katikati ya watu uani. Wengine walidhani ni mchezo. Alipanda basi, akalirudisha nyuma, akaliegesha likikinga geti, akazima na kufunga milango. Gari la Joram lilisimama likikaribia kuligusa.

Honi ililia. Muziki ukazimwa. Joram alishuka akaja kugonga kioo cha dereva kwa ngumi.

"Toa gari! Mtoto wangu anakufa!"

"Mlaze kwa ubavu, Mama Wayne!" Nasimiyu alipaza sauti kupitia upenyo wa dirisha. "Kwa ubavu! Angalia anapumua!"

"Nitakufukuzisha kazi, Nasimiyu. Haki ya Mungu utarudi kwenu. Akifa ni wewe umemuua, watu wote hawa wanaona."

 Baadaye Nasimiyu aliwaambia watu wachache aliowaamini kwamba wakati ule hakuwa jasiri.  Alikuwa akifikiri kwamba Joram huenda anasema kweli. Ambulensi ingeweza kukwama kwenye foleni ya magari yanayotoka sokoni; mlinzi wa kompaundi angeweza kuwapeleka nyumba nyingine. Kama Wayne angefia pale nyuma ya basi lake, angeishi nalo vipi? Mara mbili aliushika ufunguo ili awashe na kupisha. Mara mbili akamtazama Joram, akaona jinsi alivyoegemea basi ili asianguke, akauacha.

Wanaume wawili walimsogelea Joram wakamshika mabega. Aliwasukuma. Phoebe alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe kwa sauti, na ua zima lilikuwa likimsikiliza.

King'ora kikasikika. Nasimiyu alisubiri mpaka alipoiona ambulensi ikikata kona ndani ya kompaundi, ndipo akawasha basi na kusogea mbele, geti likawa wazi.

Wayne alipona. Alilazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi na mrija kooni, na madaktari walimwambia Phoebe kwamba alikaribia kuacha kupumua wakati wanamshusha. Alipozinduka hakukumbuka chochote baada ya nyama.

Maswali aliyoyaogopa Joram yalikuja kweli. Polisi walimhoji, kesi ikafunguliwa, akatozwa faini. Kampuni yake haikumwandama, ila mkataba ulipofika mwisho haikuuongeza. Alijiuzulu uenyekiti kwa ujumbe mfupi wa simu. Kanisani aliendelea kuja, akikaa safu ya mbele kama zamani, akitoka kabla ya matangazo.

Jumuiya iligawanyika. Wapo waliosema Nasimiyu aliokoa maisha mawili, la mtoto na la baba. Wapo waliosema Mkenya hamwitii Mkenya mwenzake serikali, kwamba angeweza kumpakia kijana kwenye basi lake akampeleka mwenyewe kimya kimya. Kwa Ijumaa kadhaa basi lilikwenda nusu tupu. Mwanamke aliyekuwa akimletea chapati kila wiki aliacha kuleta. Nasimiyu hakujitetea. Alifika kwa wakati, akangoja kwa wakati, akaondoka. Ila alikonda, na wanawake wa usafi aliowabeba siku za kazi waliona kwamba redio ya basi siku hizi haiwashwi.

Karibu na kufungwa kwa shule, familia ya Joram ikijiandaa kurudi Nairobi, Phoebe alimfuata yadi, Industrial Area. Hakuwa mtu wa kuja kule. Alipita katikati ya magari mabovu na mafundi akiwa na viatu vya ofisi, akamkuta Nasimiyu akifuta vioo.

"Sikuja kukushukuru," Phoebe alisema. "Bado siwezi. Labda siku moja."

"Sawa, Mama Wayne."

"Baba Wayne hajui nimekuja. Hataki hata jina lako litajwe. Nimekuja kukuuliza kitu. Pale getini. Ulijuaje kwamba watafika kwa wakati?"

Nasimiyu alikamua kitambaa ndani ya ndoo.

"Sikujua."

"Hukujua?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba yeye hawezi kufika."

 Fundi mmoja alikuwa akigonga chuma nyuma yao na kelele ilikuwa kubwa.

"Mimi niliingia kwenye lile gari," Phoebe alisema. "Nilijua amelewa na nikaingia. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Si wewe."

Nasimiyu alimletea kiti cha plastiki, na chupa ya maji kutoka kwenye kisanduku cha barafu cha mafundi. Walikaa kwenye kivuli cha basi. Waliongea habari za Wayne, kwamba amekuwa mkimya na amekataa kusherehekea siku yake ya kuzaliwa; kwamba Bradley humpigia simu kila siku na hawana cha kusema. Phoebe alipoondoka walishikana mikono tu.

Jennifer ndiye mwenyekiti sasa. Kanuni ya pili imefupishwa: palipo na watoto hakuna pombe kabisa, na wasiotaka hivyo hufanya sherehe zao hotelini. Baadhi wamenuna, wengi wamezoea. Basi limejaa tena. Msimu uliopita kampuni iliongeza la pili, na dereva wake ni Mumbua, aliyekuwa yaya, ambaye Nasimiyu alimfundisha kwa kumkalisha kando yake Ijumaa nyingi mfululizo.

Wiki iliyopita, Tony alipanda akiwa amechangamka sana, akakataa kufunga mkanda. Alisema yeye ni mtu mzima na safari yenyewe ni fupi. Nasimiyu alizima injini akakunja mikono. Abiria wote walikaa hivyo mbele ya hoteli, kwenye joto, wakimlaumu Tony kwa lugha zao zote, mpaka aliposikika akiubana mkanda.

"Yallah, mama," Tony alisema. "Twende."