Kifurushi Alichotumiwa Profesa Ki

Niseme mapema nisije nikaonekana mtu mwema: mimi sikutaka Maeng Okju aende chuoni. Nilikuwa kiongozi wa zamu yetu kiwandani Yeosu, na kiongozi mwenye mtu kama Okju hulala usingizi. Kazi yetu ni kuchemsha mafuta ndani ya minara mirefu ili mepesi yapande juu na mazito yabaki chini, na mnara namba tatu ulikuwa na vichaa vyake. Sisi wengine tulisoma vipimo kwenye skrini. Yeye alitazama mvuke dirishani, kisha akasema, "Kaka Tak, punguza moto, huyu anataka kupaliwa." Dakika kumi baadaye vipimo navyo vikasema hivyo hivyo, kwamba mafuta yamejaa juu hayashuki.

Kwa miaka kumi na miwili aliandika tabia za mnara ule kwenye daftari. Shahada ya uzamili aliipata akisoma siku zake za mapumziko, wakati sisi tunavua samaki. Halafu likamwingia hili la uzamivu wa uhandisi wa kemikali: alitaka kutafuta namna ya kuendesha mnara kama ule kwa mvuke kidogo bila mnara kupaliwa. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mama.

Maombi ya uzamivu hayatumwi hivi hivi. Kwanza unamtafuta profesa atakayekubali kukupokea, maana asipokutaka yeye, karatasi zako hazina mwenyewe. Okju alimtaka Profesa Ki wa chuo kimoja kule Gwangju, kwa sababu ndiye aliyeijua minara. Mwaka uliotangulia Profesa Ki alimwambia kwamba pendekezo lake la utafiti ni la fundi, akaandike upya. Akaandika upya mara kumi na moja. Najua idadi kwa sababu kila mara msomaji wa kwanza nilikuwa mimi, nikitaka nisitake. Safari hii profesa akajibu kwa maneno mawili tu: "Sasa omba." Alikuwa na nafasi moja, na baada ya hiyo hangepokea mwanafunzi mwingine mpaka astaafu.

Barua ya kumpendekeza kutoka kazini niliiandika mimi. Nilichukua siku nne. Kila nikimsifu naona nampoteza, nafuta. Kila nikifuta naona aibu, narudisha. Mwishowe nikaandika ukweli wote nikaituma kabla sijabadili mawazo. Maombi yakaenda mwanzoni mwa Novemba, ikabaki usaili.

Sasa nimlete mama yake. Anaitwa Gong Sunrye, wakati ule alikuwa na miaka sabini na mitatu, na anauza sokoni Dolsan kimchi ya majani ya haradali, achari yetu ya Kikorea inayochachushwa kwa chumvi na pilipili. Kila vuli hutuletea bakuli kubwa hadi getini. Mwaka huo alikuja saa sita mchana, nikatoka na Okju kumpokea.

"Mama Okju, hii chumvi yako itatuua," nikamtania.

"Ufe wewe, mkeo apumzike," akanijibu, na mlinzi wa geti akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa fahari, "Na yule profesa naye leo anapata lake. Nilituma jana."

Okju alikuwa ameshika bakuli. Akaliweka chini taratibu.

"Mama. Umetuma nini, kwa nani?"

"Kimchi, kwa profesa wako. Anwani niliikuta kwenye karatasi zako pale mezani. Nimemchagulia ile iliyoiva, nikajaza mfuko mpaka mdomoni, asije akaniona nina mkono wa birika. Na kikaratasi nimetia: Mimi ni mama yake Maeng Okju, mtazame mwanangu."

Mtu anayekwenda kukupima humpi kitu, hata kopo la kahawa. Sheria ilikuwa imetoka miaka mingi. Kiwandani tunafundishwa kila mwaka na tunatia saini kwamba tumeelewa. Mama Okju hakuna aliyemfundisha, wala hakuna karatasi aliyowahi kutia saini isipokuwa ya kibanda chake sokoni.

"Mama, umeniua," Okju akasema.

"Kwa kimchi?"

"Watasema nimehonga! Wataniondoa kwenye orodha!"

Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akitafuta anayetania. Hakumpata. Akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, ingawa hakikuwa kimelegea, akaenda kusimama kituo cha basi bila kuaga.

Okju akapiga simu kwa watu wa vifurushi. Mzigo ulishapokelewa saa tano. Hapo nikatoa ushauri ambao hadi leo sijivunii. "Nyamaza," nikamwambia. "Pengine atakula na yaishe. Nani hapendi kimchi ya Dolsan?"

"Akila, amekosa yeye. Akirudisha kabla sijasema, nimekosa mimi. Wewe hukusikiliza mafunzo, Kaka Tak? Ulikuwa umelala?"

Nilikuwa nimelala, lakini si neno la kumwambia mtu saa kama ile. Akampigia profesa pale pale, nyuma ya kibanda cha mlinzi, na sauti ya yule mzee nikaisikia kwa sababu alikuwa na sauti kavu inayopenya.

"Profesa, ni Maeng Okju. Mama yangu amekutumia kitu. Sikujua. Nakuomba usikifungue."

"Kimejifungua chenyewe," akasema Profesa Ki. "Ghorofa nzima inajua."

Ndiyo hivyo. Muuzaji wa kimchi huacha nafasi kwenye mfuko, kwa sababu iliyoiva hutoa hewa. Mama Okju amewaachia wateja wake nafasi hiyo kwa miaka arobaini. Kwa profesa alishindilia, na mfuko ukapasuka kwenye korido ya idara.

Profesa akaendelea kana kwamba anasoma vipimo. Amekwisha piga picha. Ataandika taarifa. Kifurushi kitarudi leo hii. Na yeye hataingia kwenye jopo la usaili, wala hatatoa neno juu ya Okju, kwa kuwa sasa jambo linamgusa.

"Basi nimekwisha," Okju akasema.

"Sikusema hivyo. Nimesema mimi sitakuwepo." Akakata simu.

Nafikiri kukatiwa simu kule kulimuumiza kuliko maneno. Mtu mmoja tu chuo kizima alijua thamani ya lile daftari, na huyo sasa alitakiwa kukaa nje ya mlango.

Kifurushi kilirudi Dolsan baada ya siku mbili, kimefungwa mifuko miwili, juu yake karatasi yenye muhuri. Jirani wa Mama Okju sokoni akanipigia kusema kibanda hakijafunguliwa, nikaenda. Nilimkuta mama nyumbani kwake, ameketi mbele ya boksi bila kuligusa.

"Okju alipokuwa darasa la tatu," akaniambia, "kina mama wenzangu walikuwa wanapeleka bahasha kwa mwalimu. Mimi sikuwa na cha kutia ndani. Akakalishwa nyuma mwaka mzima, na macho yake yale mabovu. Nikasema safari hii sitakuwa mama aliyekuja mikono mitupu. Ona sasa. Nimekitia mchanga kitumbua chake."

Nilitaka kumwambia hapana, lakini sikujua. Nikala kimchi iliyorudishwa, bakuli zima bila wali, kwa kukosa la kufanya. Ilikuwa tamu sana.

Usaili ukafika. Okju alikuta watu watatu asiowajua. Wa kwanza akamuuliza kwa nini aanze uzamivu umri huo, wa pili akamkaba nusu saa juu ya mnara, mpaka akainuka akachora ubaoni. Mwisho profesa mmoja mwanamke, mzee kuliko wenzake, akauliza kama kuna jambo lolote kuhusu maombi yake ambalo jopo linapaswa kulijua.

Okju akasema, "Mama yangu alimtumia Profesa Ki kimchi. Sikujua, lakini ni mama yangu."

"Tunajua," yule mwanamke akasema. "Ofisi yangu iko ghorofa ile ile. Taarifa tumeisoma, na imeandikwa kwamba ulipiga simu mwenyewe. Sasa rudi ubaoni, hesabu yako ya mvuke sijaielewa."

Aliporudi hakujua kama amepona au amekufa. Wiki tatu alifanya kazi kama kawaida, ila kila akisikia simu alishtuka. Mimi nami nilijikuta ninamwombea apite, mimi yule yule niliyetaka abaki, nikaona ajabu.

Majibu yalitoka Alhamisi moja ya Desemba, tukiwa chumba cha kupumzikia. Akanisukumia simu yake, nikamwandikia namba yake ya maombi mimi. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka.

"Kaka Tak, sema."

"Subiri nivae miwani."

"Nitakupiga!"

"Umepita," nikasema. "Jina lako hilo. Msimamizi: Ki."

Akachuchumaa sakafuni akajifunika uso kwa kofia ya kazi. Zamu yetu ikaisha saa tisa, nikamwendesha Dolsan kwa gari langu.

Mama alikuwa anasugua majani kwa chumvi, hakuinua kichwa. "Sema haraka, nina kazi."

"Nimepita, mama."

Mikono ikasimama. "Kwa yule yule?"

"Kwa yule yule."

Akavua glavu za mpira, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Basi sasa naweza kumpelekea?"

"Hapana, mama! Sasa ndiyo kabisa. Mpaka nimalize."

"Lini?"

"Miaka mitano."

"Mitano! Nitakuwa na sabini na minane." Akafikiri. "Haya. Nitajitunza."

Wateja wawili walikuwa wanasubiri, wanamuuliza bei, naye hawasikii. Alikuwa anamtazama mwanawe tu.

"Kwa hiyo umepita," akasema, "na mimi sikumpa mtu kitu."

"Hata jani moja, mama."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mbele ya soko zima, na Okju akapiga magoti kwenye maji ya chumvi akamkumbatia.