Baba Yako Alipouacha Uji

Nakumbuka mchana mmoja pale mtaani kwetu Kawajense, miaka ya sabini, baba yako ameketi jikoni na mama yako, bakuli la uji wa mchele mapajani, na mimi nimesimama mlangoni nacheka. Mwanangu, kicheko kile kinaniuma hadi leo. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, hujui kitu.

Kaka yangu alikuwa ametoka Tabora kwa treni, amepasuliwa tumbo. Madaktari walikuta kansa kwenye utumbo mpana, wakakata kipande, wakaunga. Walimrudisha na masharti, mama yako akayashika kama sala: ale kidogo kidogo mara nyingi, atafune mpaka chakula kilainike kabisa, anywe maji ya kutosha. Kwa muda aache mahindi, karanga, maharage na mboga zenye nyuzi. Ale wali laini, yai, samaki aliyetolewa miiba. Vingine vitarudi taratibu, kimoja kimoja, tumbo likizoea.

Sasa nyie wa siku hizi kila mtu ana sahani yake mbele ya televisheni. Sisi wanaume tulikuwa tunakula pamoja nje. Kila nyumba inatoa chakula chake, tunakusanyika kwenye jamvi moja, mikono inapishana, na asiyejua kukimbiza mkono analala njaa. Mwanaume anayekula ndani na mkewe aliitwa mchoyo. Anayekunywa uji mchana naye alikuwa na jina lake, ila silitaji, mama yako yupo hapo sebuleni anasikia.

Basi nikamwambia, "Kaka, utaacha lini ziwa? Wenzako wanakuuliza huko nje."

Mama yako akasema, "Shemeji, mwache. Daktari kasema."

"Daktari hali na sisi," nikamjibu. Ndiyo ujana huo, mdomo umetangulia akili.

Kaka akatabasamu, akaweka bakuli chini, akatoka. Siku hiyo kulikuwa na ugali wa muhogo, kisamvu na makande. Makande, yale mahindi na maharage aliyokatazwa, nilimsogezea kwa mkono wangu huu. Alikula kwa mwendo wetu, kwa sababu ukitafuna taratibu kwenye jamvi lile unakuta chombo kimeshapanguswa. Wenzetu wakafurahi, wakasema huyu sasa kapona. Na mimi, mjinga, nikajiona nimemrudishia kaka yangu heshima yake.

Kesho yake tumbo likavimba. Akatuficha. Mficha maradhi kilio humuumbua: alipokuja kusema, alikuwa anatapika, haendi choo wala hatoi hewa. Treni nayo ilikuwa bado haijaingia. Tulimlaza stesheni juu ya blanketi tukiisubiri, na babu yako, mzee asiyependa maneno mengi, akanigeukia.

"Ulipomwita jamvini, ulimwangalia anavyotafuna?"

Nikainama kumfunika kaka miguu kwa blanketi.

"Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," akasema. "Wewe umezaliwa naye, lakini umekula naye kama mpita njia."

Afadhali angenichapa.

Tabora wakampasua tena, akapona. Hilo usilisahau. Walikuta njia imezibwa na chakula kisichotafunwa, kansa hawakuiona. Lakini kaka aliyerudi mara ya pili hakuwa yule. Alikuwa anaogopa kula. Mama yako akileta wali, anaukodolea macho tu. Akileta samaki, anauliza kama miiba imeisha, kisha anasukuma sahani. Uji, vijiko viwili, basi. Nilikaa naye, nikambembeleza, nikamwomba, lakini nani amsikilize mtu aliyemcheka kwa uji huo huo? Alikonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Mvua zilipoanza ikaja homa, homa ambayo wengine wetu tulilala nayo siku chache tukaamka. Yeye ikamkuta hana nguvu ya kupambana nayo.

Mtaa mzima ulisema amekufa kwa kansa, na wewe umekua ukiambiwa hivyo. Sikuwahi kukusahihisha. Leo nakwambia: kansa waliitoa. Baba yako alikufa kwa njaa ndani ya nyumba yenye chakula, na hofu ile nilimtia mimi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu kazeeka na mimi.

Jana, na wewe umepasuliwa tumbo kama yeye, mshono haujakauka vizuri, uliposukuma bakuli ukasema, "Baba mdogo, uji ni wa watoto," nilitoka nje nisije nikalia mbele yako.

Kula, mwanangu. Kula kidogo, pumzika, kisha kula tena. Haba na haba hujaza kibaba. Tafuna mpaka uone uvivu. Chakula ulichozuiwa, wakikuruhusu kukirudia, kionje peke yake, usichanganye, usikie tumbo linasemaje. Likigoma, mwambie mkeo, mwambie daktari. Likivimba na kutapika kukaanza, twende hospitali saa hiyo hiyo, usituonee haya. Na siku ambayo hamu haipo, usijiambie kwamba kutokula ndiyo usalama. Baba yako alijiambia hivyo. Omba mayai, omba mtindi, omba samaki, sumbua watu humu ndani, wewe ndiye mgonjwa. Mgonjwa haulizwi uji, lakini wewe ukiulizwa, itika.

Ndugu zako wamekuja kukupa pole, wapo nje na vyombo vyao, wanataka utoke ukale nao. Wamekuja kwa upendo, kama mimi nilivyompenda kaka. Nitakwenda kuwaambia mwenyewe, na atakayecheka atacheka mbele yangu.

Mungu akushike mkono, mwanangu. Akurudishie nguvu tonge kwa tonge. Akupe uzee ambao baba yako hakuufikia, na siku yako ikija, ikukute umeshiba.