Jina la Bibi Tusekile Kwenye Ukurasa wa Kuhusu

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua hapa Tukuyu, mwanangu, mimi na rafiki yangu Ambakisye tulipomwonyesha Bibi Tusekile kamusi ya Kinyakyusa tuliyoitengeneza kwenye kompyuta. Maneno mengi tuliyapata kwake. Alikuwa akija kwa miguu kutoka Lupepo, na siku hiyo alifika amelowa chapachapa, ndizi kichwani, anatucheka sisi tunaoogopa mvua.

Nikataka kumfungulia maneno yake. Akanishika mkono.

"Ngoja kwanza. Mgeni akiingia kwangu namwuliza ni mtoto wa nani. Na huyu ni wa nani?"

Ambakisye, mtu asiye na maneno mengi, akabonyeza palipoandikwa Kuhusu. Kikafunguka kidirisha kidogo: toleo la kwanza, kisha majina matatu. La bibi lilikuwa juu kabisa. Hata mimi sikujua Ambakisye kaliweka lini. Bibi hakujua kusoma, nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia, naye akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na hilo toleo la kwanza ni nini tena?"

"Maana yake kuna tulipokosea, bibi," Ambakisye akamjibu. "Tukirekebisha litakuwa la pili."

"Ndaga fijo," akashukuru huku akicheka. "Basi mnajua hamjamaliza. Nitarudi na mengine."

Na alirudi kweli, mpaka miguu ilipomkatalia. Sasa yeye hayupo, na Ambakisye naye hayupo. Mvua ikinyesha nawakumbuka, na kwetu hapa hainyeshi kidogo.

Wewe umeihamishia kamusi kwenye simu, na kazi yako ni nzuri, sikunyimi sifa. Lakini ukurasa ule umeuondoa, ukasema hakuna anayeufungua. Juzi Atupele, kitukuu wa bibi, alikuja kwangu kuufungua. Alitafuta weee, halafu akanirudishia simu. Niliumia, mwanangu.

Basi nisikilize. Chochote unachotengeneza kiseme kimetoka kwa nani na kimefikia wapi, ili anayekitumia ajue wa kumshukuru na wa kumwuliza. Urudishe ukurasa ule. Weka namba ya toleo, weka majina, bibi abaki juu, na lako uliandike chini yetu, maana nawe sasa ni wa nyumba hiyo.

Atupele anarudi Jumapili baada ya ibada. Safari hii nitamwachia asome mwenyewe, kwa sauti. Mungu aibariki mikono yako, na akupe watu wa kulitaja jina lako siku utakapokuwa hupo.