Faili Niliyoificha Ndani ya Sweta

Mimi ni karani kwa duka la mbao la Bwana Harish, hapa Elburgon. Nilisikia kompyuta yetu mpya inarekodi kila kitu unachofanya. Kwa hivyo nikiandika barua ya kuomba kazi kwa mitambo ya umeme Olkaria, nilifunika skrini na sweta, nikaingiza kichwa ndani, nikachapa kama mtu anajifukiza homa. Faili nikaipa jina la kunikumbusha nijichunge, na nakala ya mwisho hivyo hivyo. Nikaprinti, nikazifuta zote mbili.

Kesho yake mzee Harish akataka kuona oda ya mbao. Nikabonyeza orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, kumbe hata zilizofutwa majina hubaki hapo. Akavaa miwani, akasoma polepole, "Mzee Asione. Mzee Asione ya Mwisho."

Akanigeukia. "Wambui, huyu mzee ni nani?"

Ofisini tuko wawili tu, na mimi ni msichana.