Hodi ya Jikoni

Miaka ya themanini nilikuwa mkata nyama katika hoteli moja ya Mtito Andei, ambako madereva wa malori walisimama kula. Jiko letu lilikuwa jembamba, na sisi watatu tulipishana humo na visu mikononi. Siku moja mpishi aligeuka ghafla akanichana kiwiko. Mama mwenye hoteli akanifunga kitambaa, kisha akatuwekea sheria.

"Kuanzia leo, ukipita na kisu nyuma ya mwenzako, sema 'Kisu!' kwa nguvu. Mmesikia?"

"Ndiyo, mama."

Mchana hoteli ikajaa. Nikiwa natoka kwenye meza ya nyama, niliona mgongo wa mpishi mbele yangu, nikatii sheria kwa sauti yangu yote: "Kisu! Kisu!" Mpishi naye, akiwa ameshika chake, akashtuka na kupaza sauti, "Kisu!"

Huko mbele tukasikia viti vikianguka. Tulipochungulia, wateja wote walikuwa nje barabarani, na dereva mmoja bado alikuwa ameshika mfupa wa mbuzi.

"Rudini, jamani!" mama aliwabembeleza. "Hakuna anayechinjwa!"

"Kwanza watoke hao wa jikoni tuwahesabu," akasema mwenye mfupa.

Tukatoka, tukahesabiwa, wakarudi kula.

Jioni hiyo tuliambiwa tuwe tunasema "Hodi." Ilifaa sana, maana hakuna aliyekatwa tena. Ila kila tulipobisha, madereva waliitikia kwa pamoja, "Karibu!", na mama akatoka mbio kumpokea mgeni.