Kanga Mbele ya Nyumba Isiyo na Ukuta

Usiku ule usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, kwa sababu kukicha nilitakiwa nikatundike postikadi zangu kwenye ukumbi wa maktaba, watu waje wazione. Nakusanya postikadi za zamani za vita, zile za miji ya Ulaya iliyovunjwa kwa mizinga. Niliyokusudia kuiweka katikati ni ya nyumba iliyoanguka ukuta wa mbele, chumba cha kulala kikabaki wazi: kitanda, beseni, shuka, vyote vinaonekana toka barabarani. Nikiringia sana kadi ile.

Mara nimo katika mtaa ule ule, nakanyaga vigae. Bibi yangu mzaa mama, tuliyemzika zamani, yuko mbele yangu kajitanda kanga. Amesimama mbele ya nyumba ya kwenye kadi, anapiga hodi.

"Bibi, mlango hakuna," namwambia. "Hata ukuta hakuna. Tupite tu."

Anapiga hodi ya pili. Nataka tuondoke, miguu haitulii. Ndipo sauti ya mwanamke inatoka chumbani.

"Subirini kidogo. Navaa."

Nilitazama. Mungu anisamehe, nilitazama, kama nilivyozoea kuitazama kadi kwa lenzi. Bibi akanigeuza uso kwa kiganja chake. Akavua kanga ya juu, akanitupia pindo moja.

"Shika. Inua."

Tunaitandaza kanga kati ya kitanda na barabara. Sasa ni mtaa wa vigae, sasa ni uani kwetu Tanga, na watu wanapita, kila mmoja ananyoosha shingo. Mpiga picha anasogea na kamera yake ya miguu mitatu. Upepo unaivuta kanga, mikono inakufa ganzi. Mbona mama huyu hamalizi kuvaa? Naona aibu hadi nataka kulia.

"Bibi, nimechoka."

"Ukiachia, wanamwona."

Nikazinduka, mikono yangu iko juu. Mume wangu ameketi kitandani, ananishangaa.

"Mama Rehema, mikono hiyo ya nini?"

Nikamwambia ile kadi ya katikati siipeleki tena maktaba.

"Si ndiyo uliyoihangaikia mwaka mzima?"

"Ndiyo hiyo. Lakini mwenye nyumba bado anavaa."