Kipira cha Baba Mdogo

Juzi nilinusa petroli uani kabla sijafungua mlango. Robine ya pikipiki yangu, lile bomba dogo chini ya tangi, ilikuwa inavuja. Baba mdogo, ambaye uzee umemleta kukaa kwangu hapa Baraka, alikuwa ameketi kivulini akimenya muhogo.

"Kata kipande ya mupira ya ndani ya tairi, weka pale," aliniambia. "Itanyamaza."

Rafiki yangu, nusura nimtupie spana.

Zamani, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, nilitakiwa kufanya mtihani wa kuingia shule ya bweni kule Fizi, milimani. Mtihani ulikuwa asubuhi moja tu, na nilikuwa naitaka shule ile kuliko kitu chochote. Baba alikuwa ziwani anavua ndagala, kwa hiyo kazi ya kunipeleka aliachiwa mdogo wake na pikipiki yake kuukuu.

Robine yake ilidondosha matone siku nyingi. Mchana wa siku iliyotangulia mtihani, nyanya, mama yake, aliacha kuanika ndagala akamshauri apake sabuni kwa nje mpaka apate jointi mpya, ile pete ya kuzibia maungio. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli. Kila mwanamke wa hapa mwenye kidumu kinachovuja anajua hivyo.

Baba mdogo alicheka. "Sabuni ni ya manguo, mama. Hii ni kazi ya banaume."

Akamwaga petroli kwenye kidumu, akafungua skrubu mbili za robine, akaitoa jointi ya zamani akaitia mfukoni, akakata duara kwenye mpira wa ndani wa tairi, akalitoboa katikati, akakaza. Matone yalikoma. Alizunguka ua akijisifu, na mimi, mjinga mimi, nilimpigia makofi. Hakujua kwamba mpira ule hunywa petroli ukavimba.

Tuliondoka alfajiri. Ugali wa nyanya ulikuwa bado wa moto ndani ya jani la mgomba, umenilalia mapajani pamoja na kalamu zangu mbili. Tulipoanza kupanda mlima, pikipiki ikazimika. Tulingoja, ikawaka, ikaenda kidogo, ikazimika tena. Akamlaani aliyemuuzia mafuta, akailaani barabara, akanigeukia mimi: "We unakaa mubaya." Jua lilikuwa limepanda sana alipoamua kuifungua robine. Kipira kilikuwa kimenenepa mpaka tundu limeziba. Akakitupa kwenye majani, akarudisha jointi ya zamani, kisha akaenda kuwaomba wanawake waliokuwa wakifua mtoni kipande cha sabuni. Akapaka. Hatukuzimika tena hadi Fizi.

Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Mwalimu alitoka akaniangalia kwa huruma. "Umechelewa, mama," alisema. "Batoto banamaliza."

Lakini kile kipira nilikuwa nimekiokota. Baba aliporudi kutoka ziwani baada ya siku mbili, nilimsikia baba mdogo akimweleza: "Mutoto aliogopa egzame. Kila mara anasema, simama, tumbo inaniuma." Nilikitoa mfukoni mwa gauni langu, nikasema hiki ndicho kilichovimba kikaziba robine. Petroli ilikuwa imekauka, na kipira kimesinyaa, kimerudi udogo wake wa kwanza. Baba alikigeuzageuza mkononi.

"Hii iko muzuri," alisema. "Usimusingizie baba yako mudogo."

Tangu siku hiyo nikawa mwoga wa familia. Kila arusi, kila matanga, baba mdogo alisimulia tumbo langu, na watu walicheka. Nilimchukia, na sioni haya kusema bado namchukia, ingawa nampikia kila siku.

Basi juzi nilifunga jointi mpya, ya dukani. Kisha nikakata vipande viwili vya mpira wa tairi, sawasawa, nikatia kimoja kwenye gilasi ya petroli mbele yake. Kesho yake nilikitoa nikakiweka karibu na mwenzake. Kilikuwa kimevimba kama kile cha mlimani.

Aliweka chini kisu chake cha muhogo, akakibonyeza kile kilichovimba.

"Mi nilijua," alisema. "Tangu ile siku, kwa mulima. Kukukataza juzi ni kukubali nilidanganya." Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa unaonyesha nani?"

Nyanya hayupo. Pale alipokuwa anaanika ndagala wamejenga maduka. Baba amezikwa akiamini kwamba niliogopa. Nilikiacha kipira juani, na kabla ya saa sita kilikuwa kimesinyaa tena.